Jeki ni ya kuinua, stendi ndiyo ya kubeba: jibu kwa mwenye IST na uwanja wa mchanga

*"Shikamoo fundi. Naishi Mtwara mjini, nyumba ya kupanga, na uwanja wetu ni mchanga mtupu. Nina Toyota IST ya mwaka 2004. Nataka nianze kubadilisha oili na pedi za breki mwenyewe nyumbani. Ninayo jeki ya mkasi iliyokuja na gari. Jirani ana jeki ya chupa ya tani 10, anasema nitumie hiyo kwa sababu kubwa ndiyo salama zaidi, halafu nikishainua niweke tofali za bloku. Dukani nimeona jeki ya magurudumu ya tani 2 inauzwa pamoja na stendi mbili. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani naye anasema atanitengenezea stendi za bomba kwa bei ndogo. Nimetenga shilingi laki mbili na nusu. Ninunue nini? Na je, stendi ni lazima kweli kama kazi yenyewe ni ya nusu saa?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nakuanzia swali la mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Stendi, yaani kile kiguu cha chuma kinachowekwa chini ya gari likishainuliwa, ni lazima. Ni lazima kwa kazi ya nusu saa, na ni lazima kwa kazi ya dakika mbili ya kuokota nati iliyodondokea uvunguni. Gari likishuka halisubiri umalize, na IST, ingawa tunaiona gari ndogo, ina uzito wa takriban tani moja kabla hujaweka abiria wala mzigo. Kifua cha mtu hakiwezi kuubeba hata sehemu ya uzito huo.

Najua unaowaona mtaani wanaingia chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, tena kila siku, na wanatoka salama. Wengi wao ni mafundi wazuri. Lakini jeki haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na ukielewa inavyofanya kazi ndani hutahitaji mtu wa kukukataza.

Ndani ya jeki ya oili, iwe ya chupa au ya magurudumu, kuna pistoni mbili, moja nyembamba na moja nene. Unapopiga mpini unaisukuma ile nyembamba, nayo inasukuma oili kwenda chini ya ile nene. Msukumo ndani ya oili ni uleule kila mahali, kwa hiyo pistoni yenye eneo kubwa inapata nguvu kubwa. Ukisukuma kwa kilo 20 kwenye pistoni yenye eneo la sentimita moja ya mraba, pistoni ya sentimita 20 za mraba itasukuma juu kwa kilo 400. Ndiyo maana mtu mmoja anainua gari kwa mkono mmoja. Sasa jiulize ni nini kinachozuia oili ile isirudi ilikotoka. Ni mpira mwembamba wa sili unaozunguka pistoni, pamoja na gololi ndogo ya chuma iliyokaa kwenye tundu lake. Uzito wote wa gari umesimamia hapo. Mpira ukichakaa, au chembe moja ya mchanga ikiingia kati ya gololi na tundu, oili inapita na gari linashuka. Pengine litashuka polepole usione, pengine litashuka ghafla. Na wewe unaishi kwenye mchanga.

Stendi haina oili, sili wala gololi. Ni chuma kilichokaa juu ya chuma. Ikishashika haina cha kuvuja.

Kuhusu jeki ya tani 10 ya jirani, ana nia njema lakini hesabu yake haikufai. Gari lako lina injini mbele na linavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo uzito mwingi zaidi uko mbele, karibu kilo 600. Jeki ya tani 2 inaubeba huo bila taabu. Tani zinazozidi hapo hazikuongezei usalama wowote. Jeki ya chupa ina mambo mawili mabaya kwa IST. La kwanza ni kimo: ikiwa imeshuka kabisa inasimama kama sentimita 20, na ukiiweka juu ya ubao haiingii chini ya gari lililo chini namna hiyo, hasa tairi ikiwa haina upepo. La pili ni umbo lake: ni nyembamba na ndefu, kitako chake kidogo na kichwa chake kidogo, kwa hiyo gari likisogea kidogo tu inalala. Jeki za namna hiyo zinapendeza chini ya ekseli ya Hilux au lori. Mwache jirani abaki nayo, na mwambie kwa heshima asiijaze oili ya breki kama wengi wanavyofanya. Oili ya breki inavimbisha na kuharibu mpira wa sili za jeki. Inatakiwa oili ya haidroliki.

Jeki ya mkasi uliyonayo ni ya kubadilishia tairi njiani. Haina oili, inapanda kwa skrubu, na kwa kuinua kona moja ya gari inafaa kabisa. Kuitegemea ikushikilie gari ukiwa chini, hapana.

Tofali za bloku ndizo zinazonitia hofu kuliko kitu kingine chochote kwenye swali lako. Bloku ni imara ukutani kwa sababu uzito unaigusa sawasawa juu yote. Gari linaikandamiza sehemu moja ndogo, kwa ncha ya bati au ukingo wa chuma, na bloku ya saruji na mchanga haiinami wala haitoi sauti kabla ya kuvunjika. Inapasuka mara moja. Mawe ya matumbawe tunayojengea pwani ni vilevile, yana matundu ndani usiyoyaona. Kama ni lazima usimamishe gari juu ya kitu ambacho si stendi, tumia magogo ya mbao ngumu, mninga au mvule, yaliyokatwa ya mraba na kupangwa kwa kupishana, mawili hivi na mawili vile. Mbao hulia na kubonyea kwanza, inakupa nafasi ya kutoka. Mti wa mkorosho usiutumie, ni laini, hata kama uko tele uwanjani.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Swali ambalo hukuniuliza ndilo lililo gumu zaidi: gari litasimama juu ya nini? Uwanja wako ni mchanga. Tuseme umeinua mbele na kuweka stendi mbili, kila moja imebeba kama kilo 300. Miguu ya stendi inagusa chini kwa ncha ndogo, labda sentimita 40 za mraba kwa jumla. Hiyo ni zaidi ya kilo 7 kwa kila sentimita ya mraba. Tairi lako lenyewe, likiwa na upepo wa 32, linakandamiza kwa kilo 2 na kidogo tu, na bado linaacha alama mchangani. Stendi itazama, tena mguu mmoja utazama zaidi ya mwingine, na stendi iliyoinama ni stendi inayoanguka. Weka chini yake kipande cha ubao mgumu cha sentimita 40 kwa 40, unene wa sentimita 5, na mkandamizo unashuka hadi chini ya robo kilo kwa sentimita. Ni ubao tu, lakini kwako ubao una thamani kuliko jina zuri lililoandikwa kwenye jeki. Fukua mchanga mlaini wa juu kwanza, shindilia, mwagia maji, ndipo uweke ubao, na uhakikishe umelala sawa.

Jeki ya magurudumu nayo ina tabia yake. Mkono wake unapopanda hauendi juu wima, unakwenda kwa mzunguko, kwa hiyo ni lazima jeki ijivute yenyewe kidogo kuelekea gari kadiri inavyopanda. Ndiyo sababu ina magurudumu. Mchangani magurudumu yanazama, jeki haisogei, na kile kikombe cha juu kinaanza kuteleza kwenye bati au kulivuta gari zima pembeni. Kwa hiyo chini ya jeki inatakiwa plaiwudi mbili zilizolazwa pamoja, ndefu ya kutosha jeki nzima ikae juu yake na ibaki nafasi ya kutembea.

Kama mwenye nyumba atakubali, na hapa ningekusihi umwombe, mwagieni zege kipande cha mita mbili na nusu kwa mbili na nusu, unene wa sentimita 10. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne ni kama mifuko minne ya saruji, na saruji inatengenezwa hapohapo mkoani. Imwagilie maji siku saba, na usiweke jeki juu yake hadi wiki nne zipite. Atabaki na maegesho mazuri hata ukihama. Akikataa, mbao zitakutosha, ila usikimbilie kwenye lami ya barabarani: jua la saa saba mchana linailainisha, na miguu ya stendi inatoboa.

Kabla ya kwenda dukani chukua futi kamba. Pima kimo cha ule mdomo wa bati chini ya mlango, mahali penye mikato miwili nyuma kidogo ya gurudumu la mbele. Hapo ndipo gari limeimarishwa kwa ajili ya jeki. Kwenye IST nyingi, hasa zilizochoka springi, utakuta sentimita 18 au 20. Stendi za tani 2 au 3 za kawaida zikishushwa kabisa huwa na kimo cha sentimita 27 hadi 30. Maana yake ni lazima uinue mdomo ule kama sentimita 10 hivi ndipo stendi iingie. Jeki ndogo za tani 2 zinazouzwa kwenye boksi moja na stendi mara nyingi zinaishia sentimita 33 hivi. Hapo unapita kwa sentimita chache mno, na mbao ya chini ya stendi ikiwa nene kuliko ya chini ya jeki, hupiti kabisa. Mwambie muuzaji aipandishe jeki mpaka mwisho mbele yako, uipime, kisha aishushe mpaka chini, uipime tena. Kimo cha juu kikifika sentimita 38 au zaidi, na cha chini kikiwa 14 au pungufu, hiyo inakufaa. Watu hulinganisha tani peke yake, na huishia na jeki yenye nguvu ya kutosha isiyofika juu.

Kuna jambo jingine linalowakwamisha wanaoanza. Kona moja ya gari ina sehemu moja tu iliyoimarishwa. Ukiweka jeki hapo, stendi utaiweka wapi? Jawabu ni kuinua mbele katikati, kwenye chuma kinene kinachopita chini ya injini kutoka upande hadi upande, kisha stendi mbili ziingie kwenye midomo ya pembeni. Kitabu cha gari lako huenda kimeandikwa Kijapani, lakini mchoro wa sehemu za jeki unaeleweka bila kusoma. Usiguse sampu (bakuli la oili chini ya injini), gia boksi, wala bati la sakafu. Ukishindwa kufika katikati, inua pembeni na uweke stendi chini ya chuma kinene pale mkono wa chini wa gurudumu unapofungwa, si kwenye mkono wenyewe kwa kuwa huo unacheza. Na juu ya stendi weka kipande cha mpira mgumu kilichochanwa mfereji katikati, mdomo wa bati ukae mferejini usikunjwe.

Kwenye stendi zenyewe, ziko za meno na za pini. Za meno zinapanda kwa kuvuta na kujifunga zenyewe kwa mkono wa pembeni, za pini unachomeka chuma kwenye tundu. Kwako wewe nachagua pini. Jino linaweza kushika nusu, hasa mchanga ukiingia au likiwa limetengenezwa vibaya, na kwa macho ukadhani limeshika. Mwaka 2020 Marekani stendi za meno zaidi ya milioni moja zilirudishwa dukani kwa sababu hiyo: meno yake hayakuwa yakishika vizuri, na stendi ingeweza kushuka ghafla chini ya gari. Pini ama imepita matundu yote ama haijapita, unaiona. Ukikosa za pini, tafuta za meno zenye pini ya ziada ya kufungia. Tazama pia weldi izunguke kote bila kuruka, kitako kiwe kipana na kisicheze juu ya sakafu ya duka, na usome vizuri kama tani zilizoandikwa ni za stendi moja au za jozi, maana zote zipo.

Fundi wa kuchomelea simkatai kwa ufundi wake. Anaweza kuwa anatengeneza mageti yanayodumu miaka. Tatizo ni kwamba weldi inaweza kupendeza nje na ndani haijashika, na yeye hana namna ya kuijaribu stendi kwa mzigo mkubwa kuliko wa gari lako kabla hajakukabidhi. Geti likiachia weldi linaning'inia. Kazi nzuri ya kumpa ni vyuma vya kabari za magurudumu, au toroli ya kubebea vifaa. Stendi nunua.

Kwa fedha yako, kama haitoshi vyote, anza na stendi mbili nzuri na mbao, na uendelee kuinua kona moja moja kwa jeki ya mkasi mpaka upate jeki ya maana. Jeki unaweza kuazima. Boksi la jeki na stendi uliloliona lichukue tu likipita kwenye vipimo nilivyokupa. Lisipopita, afadhali kuagiza kwa mtu wa Kariakoo vikaja kwa basi kuliko kuchukua kilichopo kwa sababu kipo. Jeki za mtumba kutoka Japani nyingi ni nzuri, ila zijaribu: inua gari, weka stendi chini bila kugusa, pima kimo, subiri robo saa, pima tena. Ikiwa imeshuka hata nusu sentimita, inahitaji sili mpya. Na kwa chumvi ya hewa ya pwani yetu, ifute na uihifadhi ikiwa imeshuka kabisa, pistoni isipate kutu, kwa maana kutu ndiyo inayokata sili.

Siku ya kazi, legeza nati za tairi robo mzunguko gari likiwa bado chini. Vuta handibreki, weka gia kwenye P, kisha ufunge magurudumu ya nyuma kwa kabari mbele na nyuma. Usiiamini P peke yake. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele P inazuia magurudumu hayo kupitia difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), na gurudumu moja likiwa hewani linaweza kuzunguka upande wake, lile la chini likabiringika. Na siku utakapoinua nyuma, handibreki nayo haikusaidii, kwa sababu inashika magurudumu hayohayo uliyoyainua. Siku hiyo kabari ziende kwenye magurudumu ya mbele. Gari likikaa juu ya stendi, shusha jeki taratibu mpaka uzito wote uhamie, halafu simama pembeni uisukume bodi kwa mikono miwili kwa nguvu. Kama litaanguka, lianguke wewe ukiwa umesimama nje. Kisha pandisha jeki iguse tu, lakini isibebe. Tairi uliyoitoa ilaze chini ya mdomo wa bati, karibu na ulipolala. Mwenzako awepo karibu anayejua uko chini, na funguo ziwe mfukoni mwako, watoto wasiwashe gari.

Pedi za breki, kwa mara ya kwanza, usifanye peke yako. Si kwa sababu ni ngumu, ila makosa yake huyaoni uwanjani, unayaona ukishuka kilima cha Mikindani. Mlipe fundi asimame akutazame, au uliza chuo cha ufundi cha VETA Mtwara kuhusu kozi zao za ufundi magari. Kazi za springi, shokomzoba na gia boksi zibaki gereji. Na kama ukigonga ule mdomo wa bati ukasikia umelegea, au kutu inamomonyoka kwa bisibisi, usiinue kabisa pale. Peleka kwa fundi wa bodi kwanza, hata stendi nzuri haishiki bati lililooza.

Ikitokea mtu amebanwa, msimvute. Inueni gari kwa jeki yoyote iliyopo, wekeni magogo, ndipo atolewe. Aliyebanwa kifua au tumbo apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata akisema hajambo, kwa kuwa damu inaweza kuvuja ndani bila jeraha kuonekana nje.